Barua ya wazi kwa Jeshi la Magereza: Tupeni bweni moja Kingolwira na watoto wa mbwa wanne

Kwa Kamishna Jenerali wa Magereza, Dodoma.
Nakala: Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Waziri mwenye dhamana ya watu wenye ulemavu.

Yah: Ombi la kulea na kufundisha mbwa wa msaada katika Gereza la Wanawake Kingolwira

Kwa heshima kubwa, Kamishna Jenerali.

Ombi langu ni dogo na nalitaja mwanzoni, kwa sababu najua barua ndefu husomwa kichwa na sahihi tu. Naomba Jeshi la Magereza litenge bweni moja katika Gereza la Wanawake Kingolwira, hapa Morogoro. Wafungwa wanane wenye vifungo virefu wapewe watoto wa mbwa wanne, wawalee na kuwafundisha kwa muda wa kama miaka miwili, kisha mbwa hao wakabidhiwe kwa watu wenye ulemavu: kiziwi, mtu wa kiti mwendo, mtu wa magongo, mtu mwenye kifafa. Sijaomba jengo jipya wala mradi wa kitaifa.

Najua linavyosikika. Mtu wa kwanza niliyemweleza alicheka. Wa pili ni mtumishi wa umma, tena mtu mwema, akaniuliza: Mwalimu, fimbo nyeupe zenyewe hazitoshi, sasa unataka mbwa? Kicheko nakiacha. Swali ni la haki, na sehemu kubwa ya barua hii ni jibu lake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Presha ya macho ilinila macho kidogo kidogo nikiwa bado kazini, mpaka chaki na ubao vikawa rangi moja. Natembea kwa fimbo nyeupe na sina mpango wa kuiacha. Fimbo ni nyepesi, haili, haiugui. Kila asiyeona aipate kwanza, tena afundishwe kuitumia. Hata nchi zenye shule za mbwa waongozaji hudai mtu ajue kujiongoza kwa fimbo kabla hajapewa mbwa. Kwa hiyo hakuna shilingi ninayotaka itoke kwenye fimbo iende kwenye mbwa, na atakayelisoma ombi hili hivyo atakuwa hakunisoma.

Lakini fimbo huniambia kilichopo mbele ya mguu wangu tu. Haijui tawi la mwembe lililoinama usawa wa paji la uso, wala ubao uliochomoza nyuma ya lori lililoegeshwa. Ufunguo ukidondoka hauokotwi na fimbo. Mama kiziwi haamshwi na fimbo mtoto wake akilia usiku. Mtu wa magongo akiwa peke yake njiani, moja likamponyoka likaserereka mtaroni, anabaki amesimama hapo hapo akisubiri mpita njia. Kwa mahitaji ya namna hii, sisi Watanzania tumekuwa na jibu moja tangu zamani, nalo ni mtoto.

Nendeni stendi ya Msamvu, au kwenye mataa yoyote ya Dar es Salaam, mtamkuta mtu mzima asiyeona ameshika bega la mtoto, na saa ni za darasani. Hao ndio wanaoonekana. Katika nyumba zisizoomba barabarani mambo ni hayo hayo, ila kimyakimya: binti wa ndugu analetwa kutoka kijijini aje "kumsaidia bibi". Anamsindikiza bibi benki, hospitali, msibani. Nyumba nyingine anamwokotea baba vitu siku nzima, au anakaa na kaka mwenye kifafa asije akaanguka jikoni penye moto. Kazi hiyo haina mshahara wala likizo. Sensa ya 2022 ilituambia kwamba asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Wale wanaowashika mkono hawakuwa na safu yao kwenye dodoso. Kwa hiyo mkiniuliza mbwa wa msaada atachukua nafasi ya nini hapa kwetu, sitasema nafasi ya fimbo. Atachukua nafasi ya huyo mtoto, angalau kwa zile saa ambazo mtoto alitakiwa awe shuleni.

Sasa gereza linaingiaje?

Mwaka 1981, katika gereza la wanawake la jimbo la Washington, Marekani, lililopo Gig Harbor na ambalo wenyeji waliliita Purdy, mwanamke ambaye baadaye watu walimjua kama Sista Pauline Quinn aliomba wafungwa waruhusiwe kufundisha mbwa. Utotoni aliteswa, akaishi mitaani, akaingizwa taasisi moja na nyingine. Mbwa wake, German Shepherd aitwaye Joni, ndiye aliyemrudishia uthubutu wa kutembea katikati ya watu. Hakwenda peke yake kwa wakubwa wa magereza. Alishikwa mkono na Leo Bustad, mkuu wa chuo cha udaktari wa mifugo cha Washington State University. Naomba mkumbuke muungano huo wa gereza na chuo cha mifugo, nitaurudia. Mbwa wenyewe walitoka kwenye vituo vya mbwa waliotelekezwa.

Mwaka 1997, katika jimbo la New York, Gloria Gilbert Stoga alianzisha shirika la Puppies Behind Bars, na gereza la kwanza lilikuwa la wanawake, Bedford Hills. Mtoto wa mbwa huingia humo akiwa na wiki kama 8, hulala chumba kimoja na mfungwa anayemlea, hufuatana naye kutwa nzima, na hutoka akikaribia miaka miwili. Baadhi ya mbwa wao hupewa wanajeshi waliorudi vitani na majeraha ya mwili au ya akili. Japani nako, gereza la Shimane Asahi lililofunguliwa 2008 limekuwa likilea watoto wa mbwa wanaotarajiwa kuwa waongozaji wa wasioona: siku za kazi wanakaa na wafungwa, mwisho wa wiki wanachukuliwa na familia za jirani ili wajue barabara, maduka na makelele.

Mbwa anafundishwa nini humo? Kwanza adabu: kujisaidia mahali pamoja, kutulia mlango wa chuma unapopigwa, kupita chakula kilichodondoka bila kukigusa. Kisha kazi. Kuokota ufunguo kunaonekana jambo jepesi, kumbe mbwa hapendi chuma mdomoni. Huanzishwa na kitambaa, halafu ufunguo uliofungwa kitambaa, halafu ufunguo mtupu. Kila akifaulu anapewa kipande cha chakula papo hapo, na akikosea hakuna kinachotokea, anarudia. Huvuta mlango kwa kamba iliyofungwa kwenye kitasa. Huzima na kuwasha taa kwa pua. Huvuta soksi kutoka mguuni bila kuuma vidole. Kwa kiziwi, hujifunza kumgusa kwa pua na kumpeleka kwenye sauti, iwe hodi, iwe mtoto analia. Kiboko hakimo. Mbwa aliyefundishwa kwa kupigwa hutii akiwa anatetemeka, na mwenye kutetemeka hawezi kutegemewa katikati ya barabara. (Miaka yote ya ualimu wangu nimebishana na wenzangu juu ya hilo, na sikuwa nikizungumzia mbwa.)

Kinachofanya mbwa wa namna hii awe ghali kuliko gari ni saa za binadamu. Marekani mbwa mmoja aliyekamilika huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na sehemu kubwa ya fedha hiyo haiendi kwenye chakula wala chanjo. Ni kama kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza kusoma: humpi saa nane Jumatatu ukamwacha hadi Jumatatu nyingine. Anataka robo saa, mara nyingi kwa siku, kila siku, na mtu yule yule. Nani mtaani ana nafasi hiyo? Mama lishe? Dereva wa bajaji? Mwenye saa hizo ni mtu ambaye serikali imemwambia akae mahali pamoja kwa miaka, na ambaye sehemu kubwa ya siku yake haina kazi inayomfundisha kitu. Nchi imeshalipia saa hizo, zinapita bure.

Sitawaambia kwamba mbwa humgeuza mfungwa kuwa malaika. Wapo wanaoandika hivyo, na picha zao ni nzuri sana. Mimi nadai jambo dogo zaidi: mfungwa anayefanya kazi hii anajifunza ujuzi wa kweli, anajifunza subira isiyo ya maneno, na kazi yake inaishia mikononi mwa mtu anayeihitaji. Magereza yetu si mageni kwa kazi yenye matunda. Karanga, Moshi, inatengeneza viatu. SHIMA, shirika la uzalishaji mali la Magereza, ina mashamba na miradi. Na tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipokabidhi ripoti yake 2023, magereza yalikuwa miongoni mwa taasisi zilizoangaliwa, na neno urekebishaji tumelisikia sana tangu hapo. Hili ni jambo moja linaloweza kuonekana kwa macho. Kwa wenye macho.

Kwa nini Kingolwira. Gereza lipo kando ya barabara ya Dar es Salaam, na mwendo mfupi kutoka hapo ni Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), chenye shule ya udaktari wa mifugo iliyosomesha madaktari wa wanyama wengi nchini. Ndiyo ile ndoa ya Purdy, na huku kwetu wachumba wanaishi mji mmoja. Kuna jingine kubwa zaidi. Ndani ya SUA lipo shirika la APOPO, linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Magawa alizaliwa na kufundishwa hapa Morogoro. Alipelekwa Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu na silaha 100 zilizofukiwa, na mwaka 2020 shirika la wanyama la PDSA la Uingereza likamvisha nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Wenzake waliobaki wanapitia sampuli 100 za makohozi kwa dakika kama 20. Waliomfundisha Magawa ni vijana wetu, kwa subira na vipande vya ndizi, kwa kanuni ile ile ya kumlipa mnyama anapofaulu. Usa River, Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limefundisha mbwa na askari wa kunusa pembe za ndovu bandarini na viwanja vya ndege. Polisi wana kikosi chao cha mbwa na farasi. Kwa hiyo anayesema Mtanzania hana mazoea ya kufundisha wanyama, namwalika Morogoro.

Tufike kwenye magumu. La kwanza ni la imani, na mimi ni Mwislamu, nimelala nalo sana.

Sisi wa madhehebu ya Shafi tumefundishwa tangu chuoni kwamba mbwa ni najisi, tena nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sitaki kulipunguza hilo. Lakini tumefundishwa pia kwamba najisi huhama kwa umajimaji. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu hapana kitu. Wafuasi wa Imam Malik wanasema mbwa aliye hai ni twahara, si najisi. Aya ya 4 ya Suratul Maida inazungumzia wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na kuwafundisha huko kunatajwa kuwa sehemu ya elimu aliyotupa Mwenyezi Mungu. Hadithi zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa shamba. Watu wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao, amenyoosha miguu kizingitini. Na mwaka 2008 huko Leicester, Uingereza, Baraza la Sharia la Waislamu lilitoa fatwa kwamba kijana asiyeona aje msikitini na mbwa wake mwongozaji. Mbwa alitengewa mahali pa kungojea, nje ya sehemu ya kuswalia, kijana akaingia kuswali.

Sitoi fatwa, nilikuwa mwalimu wa jiografia. Ninachoomba ni kwamba BAKWATA na ofisi ya Mufti waulizwe mapema, kabla mtoto wa kwanza wa mbwa hajanunuliwa, wala si baada ya watu kuanza kusema vijiweni. Mfungwa Mwislamu asilazimishwe kuingia bweni hilo, na asizuiwe akitaka. Anayepokea mbwa naye achague: yapo mashirika yanayofundisha mbwa kubeba vitu kwenye kikapu kilichofungwa mgongoni, ili mwenye kujali mate asiyaguse. Na mwenye kusema hapana, hapana yake iheshimiwe, asipoteze haki ya msaada mwingine.

La pili ni kichaa cha mbwa, na hapa hofu ya watu ni ya kweli kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vipatavyo 59,000 kwa mwaka duniani, karibu vyote Afrika na Asia, na karibu vyote kwa kuumwa na mbwa. Dawa yake inajulikana: kuchanja mbwa. Mbwa wa Kingolwira watachanjwa kila mwaka na kadi zao zitakuwa SUA. Watakuwa salama kuliko mbwa yeyote wa mtaani kwenu. Madaktari hao hao ndio watakaoamua ni mbwa wa aina gani. Labrador ndiye anayependwa Ulaya na Marekani kwa upole wake, lakini kupe na ndorobo wa mkoa huu hawamhurumii. Mimi ningejaribu angalau mmoja wa kienyeji, aliyechaguliwa vizuri. Nimeambiwa ninaota. Basi ajaribiwe ndipo nishindwe.

La tatu ni la kwenu wenyewe, nalo ni msamaha wa Rais. Kila 26 Aprili na 9 Desemba tunasubiri kusikia wangapi wametoka, na mimi ni wa kwanza kufurahi. Lakini mlezi akisamehewa mbwa akiwa na miezi kumi, tunafanyaje? Ndiyo maana nimeomba wanawake wanane kwa mbwa wanne: kila mbwa awe na mlezi na msaidizi wake, kama wanavyofanya wenzetu. Anayetoka atoke siku hiyo hiyo, asizuiliwe hata saa moja kwa sababu ya mbwa, mwenzake aendelee. Wachaguliwe wenye vifungo virefu, wenye mwenendo mzuri, na asiwemo mtu aliyefungwa kwa kumtesa mtoto au mnyama. Hilo la mwisho magereza mengi ya Marekani hawalifanyii mjadala. Na atakayemaliza apimwe na VETA apewe cheti kama wanavyopewa mafundi waliojifunza mitaani, na kwenye cheti pasiandikwe alijifunzia wapi. Apewe na malipo. Najua malipo ya mfungwa ni jambo zito, lakini kazi ambayo mtaani ingelipwa isifanywe bure kwa kisingizio cha urekebishaji.

Mabweni yetu si vyumba vya Bedford Hills, hilo nalijua. Mbwa hawezi kulala mahali ambapo watu wenyewe wanabanana. Ndiyo maana nasema bweni la peke yake, dogo, na kibanda nje yake. Na chakula cha mbwa kitoke fungu lingine kabisa, lisilogusa posho ya wafungwa. Dona na dagaa vinatosha, kukiwa na ushauri wa daktari. Siku mfungwa atakapoona mbwa anakula vizuri kuliko yeye, mradi umekufa, na utakuwa umestahili.

Kuna pia yale ambayo gereza peke yake haliwezi kufundisha. Mbwa aliyelelewa ndani ya ukuta hajui bodaboda, hajui ngazi za umeme, hajui muuza machungwa anayepiga kelele sikioni. New York wana watu wa kujitolea wanaowachukua mbwa mwisho wa wiki. Huku tuna wanafunzi wa mifugo wa SUA. Wawapeleke Soko la Chifu Kingalu siku ya gulio, wawapeleke Msamvu magari yakipiga honi, wawapandishe treni ya SGR. Watoto watawarushia mawe mwanzoni, tusijidanganye. Basi waanze kupelekwa shule za msingi, watoto wawaone wakiokota vitu.

Mheshimiwa Waziri wa watu wenye ulemavu, kipande hiki ni chako. Tuliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, tukatunga sheria yetu mwaka 2010. Ibara ya 20 ya mkataba ule inataja, pamoja na vifaa, msaada ulio hai wa kumwezesha mtu kutembea. Lakini hakuna konda atakayeusoma mkataba. Mbwa anaweza kufundishwa miaka miwili akashindwa na mlango wa daladala mmoja. Zinahitajika kanuni, ukurasa mmoja tu, zinazosema kwamba mbwa wa msaada aliyethibitishwa na kuvaa koti lake anaingia na mwenye naye kwenye daladala, mwendokasi, treni, benki, hospitali na ofisi ya serikali, na LATRA izipeleke kwa wenye magari. Marekani walikuwa na sheria hiyo tangu 1990. Zitangulie kanuni, mbwa wafuate.

Kuhusu fedha, msituambie tukakope ile asilimia 2 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa watu wenye ulemavu. Ile ni mikopo, inarejeshwa, ni ya kufugia kuku na kufungulia genge. Mbwa wa msaada hazalishi faida ya kurejesha. Lakini watoto wengi wa mbwa wanaoanza mafunzo haya hawafiki mwisho: mmoja anaogopa ngurumo, mwingine anapenda paka kuliko kazi. Hao si hasara. Mbwa mtiifu, aliyechanjwa, asiyebweka ovyo, ananunuliwa na watu wa Masaki na Njiro kwa bei nzuri. SHIMA wauze hao, fedha irudi kwenye bweni. Ila wale waliofaulu wasiuzwe hata mmoja, na wasije wakaishia getini kwa mkubwa. Nasema wazi kwa sababu naijua nchi yangu.

Nitaje na lile ambalo wenzangu wasioona hawatalipenda. Kufundisha mbwa wa kumwongoza asiyeona ni kazi ya mtaalamu maalumu. Hata Marekani na Japani, gereza hulea tu, hatua ya mwisho hufanywa na walimu wa shule za mbwa waongozaji. Sisi hatuna mwalimu huyo bado. Chama cha mbwa waongozaji cha Afrika Kusini kipo tangu 1953, tunaweza kumtuma kijana wetu huko, lakini itachukua muda. Kwa hiyo mbwa wanne wa kwanza hawatakuwa wangu wala wa asiyeona yeyote. Watakuwa wa viziwi, wa viti mwendo, wa magongo, wa kifafa. Nimelikubali hilo na bado naandika.

Ninachokiogopa zaidi ya kukataliwa ni kukubaliwa kwa shangwe. Waziri anakuja, fulana zinagawiwa, mtoto wa mbwa anashikwa mbele ya kamera, mfadhili anakaa miaka mitatu anaondoka, na mbwa anabaki amefungwa mnyororo nyuma ya jikoni la askari. Kama hakuna mtu wa kulisimamia jambo hili kila siku kwa miaka miwili, afadhali mniandikie hapana. Msimamizi huyo asiwe mgeni wa semina. Awe askari wa Kingolwira mwenyewe, anayependa wanyama, asiyehamishwa katikati. Na pembeni yake awepo mtu mwenye ulemavu mwenye sauti ya kusema huyu mbwa bado hajaiva, asitolewe.

Naomba miadi na Mkuu wa Gereza la Wanawake Kingolwira, siku yoyote ya kazi. Nitakuja na wenzangu wawili, mmoja kiziwi na mwingine wa kiti mwendo, pamoja na daktari wa mifugo atakayekubali. Tutahitaji mkalimani wa lugha ya alama, na kama getini kuna ngazi, ubao mmoja mpana wa kupitishia kiti. Ubao tunaweza kuja nao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu asiyeona,
Kihonda, Morogoro